Waliosimama Ufukweni na Futi

Mwanamke wa Kiingereza mwenye uwezo, aliyekwenda baharini mnamo mwaka 1780, hakwenda kuogelea. Alikwenda kutibiwa. Tangu miaka ya 1750, daktari mmoja wa Sussex aitwaye Richard Russell alikuwa amewaaminisha matajiri kwamba maji ya chumvi, ya kuoga na hata ya kunywa, yanaponya tezi na maradhi mengine chungu nzima. Kijiji cha wavuvi cha Brighton kikageuka mji wa wagonjwa. Mgonjwa aliingia kwenye kibanda cha mbao chenye magurudumu, akabadili nguo humo gizani huku farasi akikikokota hadi majini, kisha akashuka ngazi kwa upande wa bahari, ambako watu wa ufukweni hawakuweza kumwona. Chini alisubiriwa na mama mwenye mikono ya kazi, aliyemshika na kumzamisha, akamtoa, akamzamisha tena. Aliyevuma kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Martha Gunn, na wateja waliendelea kumtaka hata alipokuwa bibi kizee.

Mgonjwa alivaa gauni refu la kitambaa kizito, lenye mikono, na kwenye pindo lake palishonewa vipande vya risasi ili maji yasilipandishe juu. Yaani mtu alikuwa anaingia baharini na nguo iliyotiwa uzito makusudi. Hakuna awezaye kuogelea ndani ya nguo kama hiyo, na haikushonwa kwa ajili ya kuogelea.

Wapo wanaopenda kuianza historia hii mbali zaidi, kule Sicily, kwenye sakafu ya jumba la Kirumi la karne ya 4 karibu na mji wa Piazza Armerina, ambako mafundi wa vijiwe vya rangi walichora wanawake waliovaa vipande viwili, kimoja kifuani na kingine kiunoni. Picha hizo ni nzuri kweli. Ila wanawake wale wamo mazoezini, wanakimbia, wanarusha kisahani, wanacheza mpira. Hakuna hata mmoja aliyelowesha unyayo. Tuwaache na michezo yao.

Karne ya 19 ilileta reli, na reli ikaleta umati. Risasi zikaondolewa, gauni likafupishwa likawa blauzi ndefu juu ya suruali pana, yote ya flana au sufu, na miguuni soksi nyeusi na viatu vya kufunga kwa kamba. Kwenye fukwe za Marekani zenye mawimbi makali palifungwa kamba nene kutoka nchi kavu hadi kwenye nguzo zilizosimikwa majini. Wanawake waliishika kamba ile wakarukaruka kila wimbi lilipokuja, na huko ndiko kuoga kwenyewe. Wanaume, kwa upande wao, walikuwa wakiogelea.

Mambo yaliendelea hivyo kama desturi isiyo na lawama, mpaka tarehe 15 Juni 1904. Asubuhi ya siku hiyo meli ya matembezi iitwayo General Slocum ilipakia waumini wa kanisa moja la Kilutheri la Wajerumani wa New York, waliokuwa wanakwenda pikiniki. Ilikuwa Jumatano, siku ya kazi, kwa hiyo waliopanda wengi walikuwa akina mama na watoto. Meli ikashika moto katikati ya mto East River, watu wa kingo zote mbili wakitazama. Mipira ya kuzimia moto ilikuwa imeoza, ikapasuka maji yalipofunguliwa. Maboya ya kuvaa yalikuwa yamechakaa hata yakamomonyoka mikononi mwa wenye kuyashika. Waliojitupa majini hawakuwa mbali na nchi kavu, lakini wanawake waliojua kuogelea walikuwa wa kuhesabika, na zile sketi za tabaka kwa tabaka zilikunywa maji zikawavuta chini. Walikufa watu 1,021.

Huwa najiuliza kwa nini vitabu vya mitindo hupenda kuiruka meli hiyo na kukimbilia kwa waigizaji wa sinema. Baada ya msiba ule, kumfundisha msichana kuogelea kulianza kuzungumzwa New York kama jambo la kuokoa roho, na aliyekubali kwamba msichana aogelee ilimbidi akubali pia kwamba avae kitu kinachoogeleka.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, binti wa Sydney alikuwa ameshafika majini kwa njia ya ugonjwa. Annette Kellerman, aliyezaliwa mwaka 1886, alikuwa na miguu dhaifu utotoni hata akafungwa vyuma vya kuinyoosha. Wazazi wakampeleka kwenye bwawa la kuogelea ili miguu ipate nguvu. Ikapata nguvu kweli. Mwaka 1905 alihamia Uingereza na baba yake, akaogelea mto Thames kutoka Putney hadi Blackwall, na akajaribu kuvuka mlango-bahari wa kwenda Ufaransa, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa tena. Magazeti yalimpenda. Alikuwa akiogelea na vazi la kipande kimoja kama la wanaume, linalobana mwili na kuishia mapajani.

Alipoalikwa kuonyesha ufundi wake mbele ya watu wa ukoo wa kifalme mjini London, aliambiwa kwamba miguu mitupu haitakubalika. Kellerman hakubishana. Alinunua soksi ndefu nyeusi akazishona kwenye pindo za vazi lake, na hapo ikapatikana nguo moja inayofunika kutoka shingoni hadi vidoleni bila kuacha miguu wazi, na wakati huohuo inayoonyesha umbo lote la mwili. Sheria ilikuwa imetimizwa neno kwa neno. Baadaye aliuza mavazi ya namna hiyo kwa jina lake, akaandika kitabu cha kufundisha kuogelea, akacheza filamu. Kisa chake kinachosimuliwa sana ni kile cha kukamatwa ufukweni Revere, karibu na Boston, mwaka 1907, kwa kosa la vazi. Aliyekisimulia ni yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, na watafiti waliochimba kumbukumbu za wakati ule hawakukuta kesi wala habari gazetini. Mwanamama huyu alikuwa msanii wa jukwaani na alijua kujitangaza. Jambo la soksi, kwa maoni yangu, linatosha kumpa nafasi yake.

Nchini kwake, vita ilikuwa ya namna nyingine. Chama cha wanawake waogeleaji cha New South Wales kilikuwa na kanuni kwamba mwanamke hashindani mbele ya wanaume, na aliyeisimamia kanuni hiyo kwa nguvu zote ni rais wake, Rose Scott, mpigania haki za wanawake wa kupigiwa mfano, ambaye wenzake walimheshimu kwa kudai kura. Yeye aliona kwamba mwanaume anayekaa jukwaani kutazama wasichana waliolowa hajaja kutazama michezo. Hakuwa amekosea sana kuhusu wanaume wale. Lakini mwaka 1912 Michezo ya Olimpiki ya Stockholm ilifungua mlango kwa waogeleaji wa kike kwa mara ya kwanza, na Sydney ilikuwa na wasichana wawili wasio na mpinzani, Fanny Durack na Mina Wylie. Wananchi wakachanga fedha, kanuni ikavunjwa, Scott akajiuzulu. Durack akachukua dhahabu ya mita 100, Wylie akachukua fedha. Timu ya Uingereza ilishinda mbio za kupokezana ikiwa imevaa mavazi ya hariri, mepesi hata wakalazimika kuvaa chupi ndani yake. Marekani haikupeleka mwanamke hata mmoja, kwa kuwa wakuu wa riadha wa huko hawakutaka kuona sketi zikifupishwa kwenye michezo yao.

Aliyewabadilisha hao alikuwa karani wa mahakama. Charlotte Epstein, mwandishi wa hati mkato wa New York, alianzisha mwaka 1917 chama cha wanawake cha kuogelea ambacho wanachama wake walikuja kubeba medali kama wanaokota dagaa waliotupwa na maji. Mmoja wao, Ethelda Bleibtrey, aliitwa na polisi mwaka 1919 kwa kuvua soksi kabla ya kuingia baharini Manhattan Beach. Kwa sheria ya hapo, kuogelea bila soksi kulihesabiwa kuwa ni kuogelea uchi. Mwaka uliofuata, mjini Antwerp, alishinda mashindano yote matatu ya wanawake.

Mwingine alikuwa Gertrude Ederle, binti wa muuza nyama. Mwaka 1925 alijaribu kuvuka ule mlango-bahari uliomshinda Kellerman, akatolewa majini kabla ya kufika. Vazi lake la kipande kimoja lilikuwa linashika maji na kumchubua. Akarudi nyumbani, yeye na dada yake Margaret wakakaa na mkasi. Walichotengeneza ni vipande viwili vya hariri, sidiria nyepesi na kaptura fupi, ili maji yaingie na kutoka bila kukwama na pasiwe na mshono wa kumkwaruza kwapani. Miwani ya majini wakaiziba kwa nta. Mwili ukapakwa mafuta mazito ya kuzuia baridi. Tarehe 6 Agosti 1926 aliingia majini upande wa Ufaransa na kutokea Uingereza baada ya saa 14 na nusu hivi, akiipita rekodi bora ya wanaume kwa karibu saa mbili. Vazi la vipande viwili, basi, lilikuwa limekwisha kufanya kazi kubwa kuliko zote karibu miaka 20 kabla Paris haijadai kulivumbua.

Mavazi ya watu wa kawaida yalitoka kwingine. Kule Portland, Oregon, palikuwa na kiwanda kidogo cha kufuma sweta. Mpiga kasia mmoja aliwaomba mwaka 1913 wamfumie kaptura ya sufu ya kumkinga baridi, na wao wakatumia mashine iliyofuma ncha za mikono ya sweta, kitambaa chenye mistari ya kupanda na kushuka kinachovutika na kurudi. Ndiyo asili ya mavazi ya Jantzen, ambayo kufikia miaka ya 1920 yalikuwa yamevaliwa na nusu ya vijana wa Marekani, au ndivyo matangazo yao yalivyotaka uamini. Yalishika mwili na yakaruhusu mkono kuzunguka. Tatizo ni kwamba sufu ni sufu. Ikilowa, vazi moja liliweza kufika kilo tatu na ushee, likaning'inia hadi magotini, na aliyelivaa alitoka majini ameshika kiuno kwa mikono miwili.

Kadiri nguo ilivyopanda, ndivyo walivyoongezeka wapimaji. Picha inayojulikana kuliko zote ilipigwa Washington mwaka 1922, kwenye ufukwe wa Tidal Basin. Askari aliyevaa tai amepiga goti, ameshika futi kama ya fundi cherehani, anapima kutoka gotini mwa msichana hadi kwenye pindo. Amri ilisema pindo lisipande zaidi ya inchi 6 juu ya goti. Msichana anatazama chini akimwangalia afanye kazi yake, wenzake wamesimama kando wakisubiri zamu. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba ufukwe ule ulikuwa wa Wazungu peke yao. Raia Weusi wa mji mkuu walipodai wapewe wao pia mahali pa kuogelea, wakubwa waliona afadhali kufunga, na mwaka 1925 ukafungwa.

Zama za futi zilimalizwa zaidi na kiwanda kuliko na hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulitokea uzi wa mpira uliozungushiwa pamba au hariri, ulioitwa Lastex, na nguo ikaanza kubaki mahali pake hata ikilowa. Australia, kampuni ya Speedo ilimvisha Clare Dennis vazi lililoacha wazi mifupa ya mabega. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 1932 palizuka malalamiko, yakatupwa, naye akashinda dhahabu. Halafu ikaja vita, na serikali ya Marekani ikaagiza watengenezaji wapunguze kitambaa cha mavazi ya ufukweni kwa asilimia 10. Kile kisketi cha mbele, ambacho wahubiri walikipigania kwa miaka mingi, kiliondolewa na ofisi ya vita.

Februari 1946, siku ya Jumapili baada ya ibada, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliwakusanya watu wa kisiwa cha Bikini, katika visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki, akawaomba wahame kwa muda ili nchi yake ijaribie hapo silaha ambayo, kwa maelezo yake, ingewafaa wanadamu wote. Kiongozi wao, Juda, alikubali. Sijui ni jibu gani jingine mtu angempa jeshi lililokwisha kutia nanga. Mwezi Machi watu 167 walipakiwa na mbao za nyumba zao wakapelekwa Rongerik, ambako baada ya muda chakula kilipungua wakashinda na njaa. Tarehe 1 Julai bomu la kwanza likaanguka.

Siku 4 baadaye, tarehe 5 Julai, kwenye bwawa la Molitor mjini Paris, Louis Réard alionyesha vazi lake jipya. Réard alikuwa mhandisi wa magari aliyerithi biashara ya mama yake ya nguo za ndani. Mshindani wake, Jacques Heim, alikuwa ameshatoa vazi dogo akaliita Atome. Réard akakata dogo zaidi, vipande vinne vya pembetatu na kamba, kitovu nje, na akalipa jina lililokuwa kwenye kila gazeti wiki ile. Wanamitindo wa kawaida hawakutaka kulivaa. Akamchukua Micheline Bernardini, mcheza dansi wa Casino de Paris, ambaye kazini alizoea kuvaa pungufu ya hapo. Kitambaa kilichapwa maandishi ya magazeti, na mkononi Bernardini alishika kikasha kidogo ambacho vazi zima liliingia. Réard alitangaza pia kwamba bikini halisi ni ile inayopita ndani ya pete ya ndoa.

Alikuwa mfanyabiashara hodari, sina ubishi. Ila kila nikiitazama picha ile nakumbuka kwamba wenye jina walikuwa Rongerik wakati huo wakihesabu samaki. Mwaka 1948 walihamishiwa Kili, kisiwa kisicho na bahari tulivu ya ndani ya miamba, ambako wavuvi na mabaharia wale hawakuweza kutia ngalawa majini kwa miezi ya mawimbi. Marekani ililipua mabomu 23 kwao hadi mwaka 1958. Baadhi walirudishwa miaka ya 1970, wakakutwa na sumu ya mionzi mwilini, wakaondolewa tena 1978. Vazi limepata faida ya jina. Wao hawajapata senti ya jina hilo.

Miaka iliyofuata inajulikana, nami nitaipita mbio. Mwaka 1951 Kiki Håkansson wa Sweden alivishwa taji la kwanza la Miss World akiwa na bikini, Vatikani ikakasirika. Hispania, Italia na Ureno zilipiga marufuku kwa nyakati mbalimbali. Meya wa Benidorm alisimulia kwamba alipanda Vespa yake hadi Madrid kumshawishi Jenerali Franco aruhusu, kwani watalii wenye fedha walikuwa ndani ya bikini. Mwigizaji Brigitte Bardot alipigwa picha Cannes 1953, Ursula Andress akatoka majini na kisu kiunoni katika filamu ya mwaka 1962. Wakemia wa DuPont walikuwa wamegundua Lycra mwaka 1958, na sufu ikabaki kwenye makumbusho. Kitambaa kikawa kizuri mno: mavazi ya plastiki ya mwaka 2008 na 2009 yalivunja rekodi nyingi kiasi kwamba kuanzia 2010 chama cha kimataifa cha kuogelea kiliyapiga marufuku. Safari hii tu, hakuna aliyesema habari ya adabu.

Futi ilirudi, lakini imegeuzwa. Aheda Zanetti, mshonaji wa Sydney mwenye asili ya Lebanon, alimwona mpwa wake akicheza netiboli ndani ya tabaka za nguo na hijabu inayomsumbua, na mwaka 2004 akabuni vazi jepesi la kufunika mwili na kichwa, burkini. Baada ya ghasia za chuki zilizotokea ufukweni Cronulla mwishoni mwa 2005, chama cha waokoaji wa baharini cha Australia kilitafuta vijana Waislamu wa kuwafundisha, na wasichana wakavaa burkini ya rangi nyekundu na njano, sare ya waokoaji wote. Ufaransa, kiangazi cha 2016, miji ya pwani ipatayo 30 ililikataza vazi hilohilo. Picha zikaenea za polisi wenye silaha wamemzunguka mwanamke aliyeketi kwenye kokoto za Nice, wakimtaka aondoe alichovaa. Tarehe 26 Agosti mahakama ya juu ya utawala ilisimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet. Miaka 5 baadaye wachezaji wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa euro 1,500 kwa kuvaa kaptura badala ya chupi ya bikini, ambayo kanuni ilitaka upande wake usizidi sentimita 10. Walioandika kanuni hiyo waliibadilisha mwaka uleule, baada ya dunia kuwacheka.

Watu wa Unguja hawahitaji kwenda Bulgaria, mchezo ule ulikochezwa, ili kuelewa swali la nguo na maji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyojaa kupita kiasi ikielekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Waliookolewa asubuhi walikutwa wameshikilia magodoro. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na wengi hawakuonekana tena. Visiwani, msichana hukua akiisikia bahari usiku kucha, akiokota mwani na pweza maji yakipwa, na bado asijue kuogelea, kwa sababu nguo ya kuogelea aliyoizoea machoni ni ya mtalii. Miaka hiyohiyo ya 2010, mradi wa Panje uliwaleta wasichana wa kaskazini mwa Unguja baharini, wakiwemo wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini, kwenye ufukwe wa Muyuni. Anna Boyiazis aliwapiga picha zilizopata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Ili wazazi waridhike yalitakiwa mambo mawili, mwalimu awe mwanamke na nguo ifunike mwili. Nguo ndefu za kuogelea zikapatikana, walimu wa kike wakafunzwa, na somo la kwanza likawa kulala chali juu ya maji bila kushikwa.